Kochi Kati ya Ngoma na Kodiani

Kaka yangu ni mtu wa polepole. Nasema hivi mbele yake na hakatai, ila huchukua muda kukubali. Chai yake huipuliza mpaka inakuwa maji ya mtungini. Akianza kukupa habari ya msiba, mtakuwa mmeshazika na kurudi ndipo afike kwenye jina la marehemu. Ni fundi saa, ana kibanda karibu na kituo cha mabasi, na pale kibandani polepole yake ndiyo mtaji: anainama na kioo chake jichoni, anashika kigurudumu kidogo kuliko punje ya ulezi, na basi linaweza kupiga honi mgongoni mwake asipepese jicho. Kwa hiyo siku mwenyekiti wa klabu yetu aliponivuta pembeni akaniambia kwamba kaka yangu anakimbiza ngoma, nilicheka mpaka nikatafuta ukuta wa kuegemea.

"Kaka yangu? Huyu huyu?"

"Huyo huyo," alisema mwenyekiti, na uso wake haukuwa na mzaha. "Alhamisi iliyopita tulianza na punda tukamaliza na pikipiki."

Inabidi niieleze klabu yenyewe. Hukutana kila Alhamisi jioni, watu wakishatoka kazini, katika karakana ya fundi makochi nyuma ya soko. Fundi huyo ndiye mwenyekiti wetu, na ni mwenyekiti kweli, maana viti vyote ni vyake, au tuseme ni vya wateja wake. Tunakaa juu ya makochi yasiyo na miguu, makochi yaliyochunwa kitambaa, makochi yenye springi zinazokufinya ukicheka. Ukishazoea moja, Alhamisi inayofuata unakuta mwenyewe kaja kalichukua, nawe unabaki umesimama kama mpangaji aliyefukuzwa. Hatuna spika wala maikrofoni. Nyimbo za redioni hatuzitaki, redio inazo. Tunaimba zile za kale ambazo hakuna ajuaye nani alizitunga: za kutwanga, za kupalilia, za kubembeleza mtoto, za kumsema mume kwa mafumbo. Anayetaka kuimba anasimama, wenye ala wanampigia, ukumbi unaitikia. Mimi ni mpiga kengele. Nafungua kwa kengele, nafunga kwa kengele, na anayezidisha maneno namkata kwa kengele. Nilichaguliwa bila kupingwa, kwa sababu mmoja aliyetaka kupinga nilimtazama.

Huyo punda sasa. Wimbo wa punda ni mali ya Mwalimu, mstaafu aliyefundisha jiografia mpaka ramani zikachakaa. Aliupata kwa bibi yake. Ni habari ya punda aliyefika darajani akagoma kuvuka. Anavutwa kamba, hataki. Anaonyeshwa majani, anayala, hataki. Anabembelezwa, anatukanwa, anaambiwa mama yake mzazi alivuka daraja hilo hilo akiwa na mimba yake, bado hataki. Nasi tunaitikia, "Hataki, hataki, mwacheni afikiri." Utamu wake wote uko kwenye uzito, maana wimbo unatakiwa ugome kama punda mwenyewe. Ni katika ubeti wa mwisho kabisa ndipo anaweka kwato moja juu ya ubao, na wimbo unaishia hapo, kwato moja tu. Mwalimu hufumba macho, na sisi watu wazima na akili zetu tunatafuta leso.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Lakini kwa muda sasa jambo lilikuwa limeingia. Beti za mwanzo zinakwenda vizuri. Ukifika wa tatu mdundo unanyanyuka kidogo, wa nne unachanganya miguu, na kufikia wa sita Mwalimu anameza maneno bila kuyatafuna, ametoa macho, mkono mmoja kifuani. Watu walicheka mwanzoni. Baadaye mwenyekiti aliacha kucheka.

"Ngoma ndiyo inayoshika mwendo," aliniambia. "Mwendo ukipotea tumuulize nani, filimbi? Na Alhamisi ijayo tuna wageni. Klabu nzima inakuja kutusikiliza, watu wanaojua kazi yao. Mwambie kaka yako: akikimbiza mbele ya wageni, ngoma namnyang'anya. Nitampa yule mwenzetu muuza mkaa. Sisemi kwa ubaya."

"Mwambie mwenyewe."

"Wewe ndiye dada yake."

Hapo kicheko kilinikauka. Lazima mjue kwamba kaka yangu hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Mimi nilirudi kuishi naye nilipofiwa na mume wangu, nikaingiza cherehani yangu chumba cha mbele, nikaanza kushona sare za shule na kumpangia maisha. Ana saa na ana ngoma ya Alhamisi, basi. Na saa zenyewe ni za watu. Ukimnyang'anya ngoma umemwachia nini? Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, kwa sababu mimi huruma yangu hutokea mlango wa hasira. Nilifika nyumbani nikamkuta anapuliza chai.

"Kaka, wewe unakimbia."

Aliiweka bilauri chini. Alifikiri. "Mimi?"

"Ngoma. Unaikimbiza. Mwenyekiti amesema ukirudia mbele ya wageni anampa muuza mkaa."

Alitazama mikono yake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayeuliza ni upi umemsaliti. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. "Ni ile presha yako," nikasema. "Chumvi ndiyo usiiote kabisa."

Maana nilikuwa nimeshagundua ugonjwa zamani. Kila Alhamisi mtu anarudi nyumbani jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, usingizi hana, anatabasamu na ukuta. Nilisema hiyo ni presha ya kupanda, nikampeleka zahanati. Na bahati iliyoje, nesi tuliyemkuta siku hiyo alikuwa ni wa klabuni kwetu, yule mpiga kodiani.

Nesi huyo ni mjane kama mimi, mwanawe amekwisha kuoa, na alijiunga nasi mwaka jana akiwa amebeba hicho kinanda cha kuvuta na kubana alichoachiwa na marehemu baba yake. Ni mwanamke mfupi. Akikaa kwenye kochi lenye springi na kodiani kifuani, miguu haigusi chini, na akikolea huipiga hewani kama mtoto kwenye bembea. Kazini ni mwingine kabisa. Pale zahanati hacheki na mtu. Alimfunga kaka yangu ule mkanda wa kupimia mkononi, akabonyeza, akatazama, akakunja uso.

"Fundi, umekuja mbio?"

"Mimi?" alisema kaka. "Mbio sizijui."

Alipima tena. Ilikuwa imezidi kupanda. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo akitazama saa yake, na nikamwona kaka anaangalia dari kama mtu anayeomba. "Itabidi uwe unakuja kila Jumatatu," alisema Nesi, naye akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Na kaka yangu, Mungu ambariki, alikwenda kila Jumatatu. Ananyoa ndevu kwanza, anapiga pasi shati, anakwenda. Nilimsifia mtaa mzima kwa utiifu wa matibabu. Muuza dawa wa jirani yetu alimpima kwa mashine yake akakuta presha ni ya kijana, nikamwambia muuza dawa mashine yake mbovu airudishe alikoinunua. Na chumvi nikaiondoa mezani. Kaka alikula mboga zisizo na ladha miezi yote hiyo, akitafuna polepole, bila lawama. Mimi ninayejua nani kagombana na nani mpaka mtaa wa tatu.

Jumapili mwenyekiti alituita karakana mchana kufanya jaribio. Tulikuwa watano tu: yeye, Mwalimu, kaka, Nesi na mimi na kengele yangu. Ukutani kuna saa kubwa ya mshale ambayo kaka mwenyewe aliitengeneza. Mwenyekiti alisimama chini yake, sindano ya kushonea makochi ikiwa bado imechomekwa kwenye kola, akasema, "Piga peke yako." Kaka alipiga ngoma ya punda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mdundo na mshale vilikwenda pamoja kama watu wawili waliobeba ngazi. Hakuna aliyetangulia.

"Nesi, zamu yako."

Nesi naye akapiga kodiani peke yake. Mtu anayehesabu mapigo ya wenzake kutwa nzima, angekosea vipi? Punda aligoma vizuri mpaka Mwalimu akatikisa kichwa kwa raha.

"Basi pigeni wote."

Walianza. Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu nikaona miguu ya Nesi imeanza kupiga hewa. Wa nne Mwalimu alianza kukunja mikono ya shati. Tulipofika wa sita hakuna mtu aliyekuwa anaimba tena, Mwalimu alikuwa anatetea maisha yake, na ile saa ya ukutani tulishaiacha nyuma siku nyingi. Niligonga kengele kwa nguvu zote.

"Ni ya kuambukizana!" alisema mwenyekiti. "Kila mmoja mzima peke yake, wakikutana wanaugua. Nani anaanza? Semeni ukweli."

"Mimi namfuata yeye," alisema kaka yangu.

"Haiwezekani," alisema Nesi, na uso ukamwiva. "Mimi ndiye ninayemfuata yeye."

"Mimi?"

"Wewe!"

Nikachemka. Nikasema moyoni, mwanamke huyu anamsingizia kaka yangu mchana kweupe, tena mbele ya mtu anayetaka kumnyang'anya ngoma. Miezi yote ameshika mkono wake akijifanya anampima, kumbe hana hata chembe ya utu. Sikumpa hata mkono wa kwaheri. Na mwenyekiti alipotoa wazo lake, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema sawa.

Wazo lenyewe lilikuwa kochi. Alikuwa nalo kochi la watu watatu la mteja mmoja tajiri, refu, zito, limekwisha kuvalishwa kitambaa chekundu. Alisema tutalisimamisha wima kati ya ngoma na kodiani. Hawataonana, hawatasikilizana sana, kila mmoja atashika mwendo wake kutoka kwenye kengele yangu, na kengele haina presha. "Haraka haraka haina baraka," alisema, akalipigapiga lile kochi kwa upendo.

Alhamisi ikafika. Wageni walikuja wengi kuliko makochi. Walikaa kwenye mikono ya makochi, kwenye magunia ya nyuzi, juu ya meza ya kukatia. Nyuma ya ala kulikuwa na rundo la sponji zilizokatwakatwa, refu kufika kifuani, na hata huko juu walikwea wawili tukawashusha. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo, mpiga zeze, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Walitufungulia wao, na walikuwa wazuri kweli, na mwenyekiti kila wakipiga alikuwa anazidi kutoa jasho. Kisha akasimama akatangaza wimbo wa punda.

Niligonga kengele. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa lile kochi, mbele kidogo, kwa hiyo niliziona pande zote mbili kwa karibu kuliko mtu yeyote ukumbini. Kulia kaka na ngoma yake. Kushoto Nesi na kodiani yake. Katikati ukuta mwekundu.

Na ilikwenda sawasawa. Hilo lazima niliseme. Mwendo haukutikisika hata kidogo. Ubeti wa tatu ulikuja kama wa pili, wa nne kama wa tatu, na mwenyekiti akaanza kutabasamu. Lakini ukumbi ulikuwa umekaa tu. Mgeni mmoja alipiga mwayo akauficha kwa kofia. Tulipoitikia "Hataki, hataki," tuliitikia kama wanafunzi wanaosema shikamoo kwa mkaguzi. Huyu punda hakuwa amegoma, alikuwa amekufa.

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa anapiga vizuri, mikono inafanya kazi yake, lakini uso wake ulikuwa uleule ninaouona mezani anapotafuna mboga zangu zisizo na chumvi. Kisha nikaona kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, polepole, polepole, mpaka sikio lake likagusa kile kitambaa chekundu. Anatafuta kodiani. Fundi saa kabisa, ameweka sikio kwenye kochi la watu kama anasikiliza kama ndani mna saa inayotembea.

Nikageuka kushoto nimkate Nesi kwa jicho. Nesi alikuwa amefumba macho, miguu imening'inia imetulia tuli, na sikio lake limelala kwenye kochi. Mahali palepale, upande wa pili.

Jamani. Shati la Jumatatu! Ndevu za Jumatatu! Mashine ya muuza dawa, maskini ya Mungu, haikuwa na kosa lolote. Mtu mzima presha yake inapanda akishikwa mkono na mtu mmoja tu duniani, na mimi nikamwondolea chumvi. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayawezi kufichika, na mimi niliyasikia yakikohoa mwaka mzima nikaenda kuyatafutia dawa. Kicheko kilinijia. Na nyuma ya kicheko hasira, na nyuma ya hasira, siwezi kuficha, machozi, kwa sababu nilikumbuka yale maneno yao ya Jumapili. Namfuata yeye. Namfuata yeye. Wala hawakuwa wanasingiziana. Kila mmoja alikuwa anamkimbilia mwenzake, na mwenzake alikuwa anakuja.

Nilijua mwenyekiti kasema nini. Nilijua muuza mkaa yuko pale mstari wa mbele, amenawa mikono mpaka viwiko. Lile kochi likianguka, ngoma ya kaka inakwenda nalo. Nilimtazama tena kaka yangu na sikio lake kwenye kitambaa, nikasema liwalo na liwe. Nikaweka kengele chini, nikageuka, nikalisukuma lile kochi kwa nyonga.

Mimi si mwembamba. Kochi lilisita kidogo kama punda mwenyewe, kisha likaenda. Likaangukia lile rundo la sponji kwa kishindo laini, na sponji zikaruka zote mara moja, nyeupe na za manjano, zikajaa hewani mpaka dari. Moja ilimwingia Mwalimu kinywani katikati ya neno. Aliitema, akaendelea.

Hao wawili wakabaki wanatazamana, vichwa bado vimeinama upande.

Ubeti wa tano. Nikaona miguu ya Nesi imeanza tena kupiga hewa. Nikamwona kaka yangu anatabasamu, si na ukuta safari hii. Na mdundo ukanyanyuka, ukachanganya miguu, ukaondoka. Mwenyekiti alipiga kelele "Kengele! Kengele!" lakini kengele ilikuwa chini ya sponji na mimi sikuwa na haja nayo. Yule mama wa zeze alisimama. Wageni wakasimama. Aliyekaa kwenye kochi la springi alirushwa akasimama bila kupenda. Watu walianza kucheza wakiwa na vikombe mkononi, chai ikawa inakwenda inakotaka. Muuza mkaa alisahau kilichomleta akawa anazunguka na bibi mmoja asiyemjua, sponji mbili nyweleni. Mwalimu alifika ubeti wa mwisho kabla hajawa tayari, punda akaweka kwato moja juu ya ubao, na pale ndipo wimbo huishia, ndipo ulipoishia siku zote tangu kwa bibi yake.

Lakini ngoma haikusimama, wala kodiani, na Mwalimu akiwa amekwisha fumba macho akayafumbua. Akatutazama sote. Akavuta pumzi ambayo nadhani aliitoa kwenye miaka yake ya ujana.

"Ya pili kaweka!" aliimba.

Karakana ikalipuka. Hatukuwahi kuona kwato ya pili.

"Ya tatu kaweka! Jamani, mkia kainua!"

"Kavuka!" tukaitikia, hakuna aliyetufundisha. "Kavuka, kavuka, msimzuie!" Na punda akavuka, akafika ng'ambo, akageuka akarudi, akavuka tena, mara ngapi sijui, mpaka Mwalimu akaanguka juu ya lile kochi jekundu akicheka na kukohoa, na kaka na Nesi wakasimama pamoja, pigo moja, kama mlango uliofungwa na mkono mmoja.

Makofi yalichukua muda. Yalipotulia, mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya kaka yangu. Alikuwa na sponji kwenye nyusi, lakini neno lake lilikuwa neno lake.

"Nilisema, Fundi. Mbele ya wageni, nilisema."

"Mwenyekiti, ni mimi niliye..." nilianza.

"Nimeona ulichofanya. Siwazungumzii wenye nyonga, namzungumzia mwenye ngoma."

Kaka hakubishana. Aliifuta ngoma vumbi kwa kiganja, akaiinua, akamnyooshea muuza mkaa. Muuza mkaa aliitazama kama mtoto wa mtu anayekabidhiwa barabarani. Ndipo tukasikia Nesi anaibana kodiani yake na kufunga kile kishikizo cha ngozi, taf.

"Unafanya nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Naondoka."

"Wewe sijakufukuza."

"Najua," alisema Nesi. "Lakini mimi namfuata yeye. Nilishawaambia Jumapili."

Na kaka yangu, yule anayepuliza chai mpaka inakuwa maji ya mtungini, ambaye nilidhani jibu lake tutalipata mwezi ujao, aligeuka na ngoma mikononi akasema bila kupumua, "Nakupenda, Nesi, nimekupenda tangu Alhamisi ya kwanza, sina presha yoyote, naomba unioe. Nikuoe. Vyovyote."

Sijui ni nani aliyepiga kelele kwanza. Nadhani ni mimi. Yule mama wa zeze alikuwa amekaa chini sakafuni anacheka tumbo mkononi, anamwambia mwenyekiti, "Mrudishie mtu ngoma yake, bwana! Mrudishie, turudie!" Mwenyekiti akajaribu kusema kwamba haraka haraka haina baraka, wahenga walisema. "Wahenga leo hawakuwepo," alijibu yule mama, na wageni wote wakaanza kupiga miguu chini wakitaka punda avuke tena. Muuza mkaa aliisukuma ngoma irudi kifuani kwa kaka akasema yeye ana mzigo wa mkaa unamsubiri. Mwenyekiti alitazama kulia, akatazama kushoto, akatoa sponji kwenye nyusi. "Lakini Mwalimu apewe maji kwanza," alisema, na huo ndio ukawa uamuzi wa kamati.

Nesi alikuwa bado hajajibu. Alimsogelea kaka yangu, akamshika kifundo cha mkono kama anavyomshika kila Jumatatu, akainua macho kwenye ile saa ya ukutani. Watu wote tukanyamaza, wageni kwa wenyeji. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Yanakimbia?" aliuliza mwenyekiti, hakuweza kujizuia.

"Yanakimbia," alisema Nesi.

Kaka yangu akaiweka ngoma chini. Akaushika mkono wa Nesi, akaugeuza taratibu, na hakuhesabu kitu. Aliuinua akauweka sikioni kwake, kifundo kikigusa sikio, akafumba macho, vilevile anavyofanya na kila saa inayoletwa kibandani. Alisikiliza kwa muda wake mwenyewe, na hakuna mtu aliyemharakisha.

"Hii nayo inakimbia," alisema. "Tena siitengenezi."

Nesi alicheka mpaka akaficha uso kwenye kodiani, na ndani ya kicheko hicho alisema ndiyo, nilikuwa karibu, nimeisikia. Nikaitafuta kengele yangu chini ya sponji nikaigonga, maana ilikuwa kazi yangu, nikaigonga haraka. Kisha nikamwita kwa mara ya kwanza, "Wifi, kaa vizuri, Mwalimu keshakunywa maji." Wakaanza upya.

Asubuhi yake kaka aliamka akakuta yai lake mezani, na kando ya yai kibakuli cha chumvi, kimejaa. Alikitazama. Akanitazama. Nilijifanya natafuta kibanio cha cherehani.

"Mdogo wangu," alisema baada ya muda mrefu, "kwani nimepona?"

"Kula," nikamwambia. "Utachelewa."

Akachukua chumvi, akanyunyiza polepole, punje baada ya punje, huku mguu wake chini ya meza unakwenda mbio.